Mama asema ni baridi imeingia, binamu asema nitie barafu, nimfuate nani?

Salaam aleikum Bi Fizio,

Natumai hujambo na wote hapo Malindi hawajambo. Mie nakuandikia kutoka Kizingitini huku kisiwa cha Pate, nna miaka 39, kazi yangu kuzamia kamba mawe tangu nna miaka 17. Sizamii na mtungi wa hewa, ni miwani na pumzi yangu tu, naingia natoka naingia natoka mpaka mfuko ujae au mwili ukatae.

Sasa iko hivi. Miezi saba iliyopita tulitoka alfajiri, kulikuwa na upepo na manyunyu, tukakaa majini kama masaa manne. Nilipopanda chomboni natetemeka mpaka meno yagongana, vidole havishiki hata kamba, fulana imenigandama, nahodha akasema bahari yachafuka vuta nanga twende. Nikainama nikavuta, kumbe nanga imekwama kwenye mwamba, nikavuta tena kwa hasira huku nimejipinda, nikasikia tak! kiunoni upande wa kushoto, palepale nikashindwa kunyooka. Nilirudi nyumbani nimelazwa juu ya nyavu kama papa.

Tangu siku hiyo si yule wa kwanza. Maumivu yako kiunoni yanashuka hadi takoni, goti hayafiki. Asubuhi naamka nimekakamaa kama mbao, nikienda msikitini nikarudi yanalegea, nikizamia halafu nikatoka majini yanarudi yote.

Ushauri nimepewa mwingi kuliko samaki. Mama (Mungu amueke) asema hii ni baridi yabisi, baridi imeingia kwenye mfupa na haitoki mpaka itolewe, kila usiku anikanda na chumvi ya moto kwenye kitambaa na mafuta ya nyonyo, na kweli nalala. Binamu yangu anacheza mpira Amu (Lamu mjini), yeye alicheka, akasema wachezaji wote hutia barafu, moto waongeza uvimbe. Basi nikachota barafu kwenye kasha la samaki, ile iliyochanganywa na chumvi, nikajifunga nayo kiunoni kwa leso karibu saa nzima. Nilipoitoa sikuwa nasikia kitu, kesho yake pakatoka malengelenge na sasa pana doa jeusi la ukubwa wa kiganja. Kliniki moja nilichomwa sindano sita za diklofenaki, napoa siku tatu narudi palepale. Nimepiga hijama mara mbili. Nikaenda mpaka Mombasa nikapigwa picha ile ya kuingizwa kwenye tundu, nikaambiwa disiki, ule mto wa kati ya pingili za mgongo, imevimba na nisibebe kitu kizito tena maishani, nikauziwa na mshipi wa kiuno kwa 4,500.

Bi, nna watoto wanne na kazi nyingine siijui. Ni moto au barafu? Ni kweli baridi ya bahari imeniharibu misuli? Hiyo disiki itarudi mahali pake? Kuna jamaa pia anazunguka na mashine ya umeme ya kutekenya mgongo, shilingi 500 kila mara, nimpe? Na mama yuauliza kuhusu goti lake, ila hilo likipata nafasi.

Mzamiaji, Kizingitini

JIBU

Waaleikum salaam mdogo wangu,

Kabla ya kiuno nianze na hilo doa, manake ndilo lililonishtua. Hapo umeungua. Barafu tupu iko kwenye nyuzi 0, lakini ukiichanganya na chumvi inashuka chini ya sifuri, yaweza kufika hadi nyuzi 21 chini, ndio maana samaki wanakaa vizuri ndani yake na ndio maana ngozi yako haikustahimili. Na ule usemi wako "sikuwa nasikia kitu" ndio hatari yenyewe, baridi ikizidi inakutia ganzi kwanza halafu ndo inakuchoma, kwa hivo mwenyewe huwezi kujua saa ngapi pa kuacha. Ngozi ikiwa imefunga na ni rangi tu iliyobaki, paache, itafifia taratibu. Ikiwa bado pana kidonda au panatoa maji nenda zahanati paoshwe na pafungwe, na hapo usikande kwa moto wala mafuta mpaka pakauke.

Haya sasa mama na binamu. Kusema kweli wote wawili wamepata nusu nusu, ila mama kanizidi kunifurahisha.

Baridi haiingii mwilini ikakaa. Ukitoka majini, ukajifuta, ukala, baada ya saa moja mbili nyama zako zimerudi kwenye joto lake la kawaida, hakuna baridi iliyobaki imejificha kwenye mfupa miezi saba. Hata hilo jina baridi yabisi linatuchanganya, sababu huku pwani kila kinachokakamaa twakiita hivo, lakini ile baridi yabisi ya hospitali ni ugonjwa ambapo kinga ya mwili yenyewe inashambulia maungio, vidole vya mikono miwili vinavimba kwa pamoja na ukiamka havikunjiki, si hii yako ya kiuno upande mmoja iliyoanza kwa tak.

Lakini mama hajakosea kuitia baridi kwenye hii kesi. Bahari yetu watu waiona ya vuguvugu kwa sababu haishuki sana chini ya nyuzi 25, wanasahau kwamba mwili uko 37 na kwamba maji yanapokonya joto kwa kasi ya kama mara 25 kuliko hewa. Masaa manne humo ndani, bila nguo ya mpira, umemwaga joto jingi sana. Misuli ikipoa kazi zake zote zinapungua mwendo, ile mishipa ya fahamu inayoileta amri kutoka kichwani nayo inapunguza kasi kama mita 1 na nusu hadi 2 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja inayoshuka, vidole vinakosa ufundi (ndio maana hukuweza kushika kamba), nguvu ya kuvuta ghafla inapungua, na msuli wa mbele na wa nyuma ambao kawaida mmoja huachia mwenzake akaze, sasa inakaza yote kwa pamoja wakati mmoja. Juu ya hiyo watetemeka, na kutetemeka ni misuli kufanya kazi, kwa hivo ulikuwa umeshachoka kabla hujaigusa nanga.

Na kuna kitu wazamiaji wengi hawakijui. Ukipanda chomboni si kwamba baridi ndo imekwisha. Damu ya miguuni na mikononi iliyopoa inaanza kurudi ndani, na joto la ndani ya mwili laendelea kushuka kwa muda hata kama ushatoka majini, na upepo ukipiga fulana iliyolowa ndo kabisa. Kwa hivo zile dakika 20 za mwanzo baada ya kupanda ndizo mbaya kuliko zote za kuvuta kitu kizito, na wewe ndizo ulizovutia nanga, iliyokwama, umejipinda, kwa hasira. Hata kijana wa miaka 20 angesikia tak. Baridi imekukuta pabaya lakini haijakuharibu misuli, hilo litoe moyoni.

Sasa moto au barafu. Barafu inafanya nini? Inabana mishipa ya damu na inapunguza kasi ya fahamu zinazobeba maumivu, basi, ni ganzi ya bei rahisi. Inafaa siku mbili tatu za mwanzo, kifundo cha mguu kimeteguka kimevimba, hapo weka barafu iliyopondwa isiyo na chumvi, ndani ya taulo, dakika 10 hadi 15, toa, rudia baada ya masaa mawili ukitaka. Huo wa binamu ni kipande cha ushauri wa kupumzika, barafu, kubana na kuinua, uliotungwa 1978 na daktari Mmarekani anaitwa Gabe Mirkin, akaandika kwenye kitabu cha michezo ukaenea dunia nzima, na miaka mingi baadaye yeye mwenyewe akaja kusema barafu na kupumzika kabisa vyaweza kuchelewesha kupona, kwa sababu ule uvimbe wa mwanzo ni mafundi wa mwili wamekuja site, ukiwafukuza nani atajenga? Binamu hajapata hiyo habari bado. Na kwa kiuno cha miezi saba, msuli uko ndani kabisa, hakuna uvimbe wa kuuzima, barafu ya nini tena.

Moto ndo wako. Unalegeza msuli uliojikaza, unaongeza damu, nyama zinanyooka kwa urahisi zaidi. Chumvi ya moto ya mama kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, joto la kustahimilika mkono, ni matibabu ambayo mie nayafanya kazini kwa pakiti ya bei ghali na matokeo ni yaleyale. Ila mwambie asiiweke juu ya doa, na ukishapata ule ulegevu usilale, hapohapo fanya mazoezi nitakayokwambia. Moto ni wa kufungua mlango, ukifungua ukarudi kitandani umefanya kazi bure.

Na zile krimu za kuchua, manake najua umezitumia hata kama hukusema, zile haziingizi moto wala baridi mahali popote. Mentholi inagusa kile kipokezi cha ngozi kinachohisi baridi, pilipili inagusa kinachohisi moto, ubongo wadanganyika kwamba pana kitu. Mambo ya vipokezi hivyo vya joto na vya mguso yaliwapa watu tuzo ya Nobeli 2021, David Julius na mwenzake Ardem Patapoutian. Jipake tu kama yakupa nafuu, ukinawa mikono vizuri kabla ya kugusa macho, lakini usidhani dawa imefika mfupani.

Disiki. Hapa nakuomba usome polepole. Kuna utafiti ulitoka 2015 ulikusanya picha za watu zaidi ya 3,000 ambao hawana maumivu yoyote ya mgongo, wazima wanatembea, na kwa wenye miaka 40 nusu yao walikuwa na disiki iliyovimba. Nusu! Wenye miaka 20 ni asilimia 30. Yaani tukiwachukua wanaume kumi wa rika lako hapo baraza ya msikiti tukawapiga picha, watano hivi watatoka na karatasi kama yako na hawajawahi kuumwa. Kwa hivo swali la "itarudi mahali pake" halina haja, pengine ilikuwa hivo tangu una miaka 25. Aliyekwambia usibebe kitu kizito maishani kakuogopesha bure, na hofu yenyewe inakaza mgongo, unaanza kuinama kama mzee, misuli inadhoofika, ndo unaumia kweli.

Sindano sita zatosha. Diklofenaki ni dawa nzuri ya siku chache lakini inatafuna tumbo na inasumbua figo, na wewe mtu wa kushinda juani na chumvi bila kunywa maji ya kutosha ndo usiizoee kabisa. Hijama, sijaona ikitibu kiuno cha aina hii, ukienda tena kwa imani yako siwezi kukukataza ila hakikisha wembe ni mpya umefunguliwa mbele yako.

Mshipi na mashine nikuunganishie. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa maumivu sugu ya kiuno, na kwenye orodha ya vitu visivyopendekezwa mimo mshipi wa kiuno, mimo kuvutwa mgongo, mimo mashine ya mawimbi ya sauti, mimo na hiyo ya kutekenya umeme. Vilivyopendekezwa ni mazoezi, mtu kuelimishwa ajue mwili wake, kukandwa na kuchuliwa, na vitu kama hivo. Ile mashine si uchawi, wazo lake latokana na nadharia ya Melzack na Wall ya 1965, kwamba hisia ya kuguswa yaweza kufunga lango hisia ya maumivu isipite, ndo ileile ya kujigonga kiwiko ukakisugua. Lakini ukiacha kusugua lango lafunguka. Shilingi 500 kila mara mpe muuza ndizi. Mshipi vaa siku moja moja ya safari ndefu ukitaka, usiufanye ubavu wa pili.

Kazi yenyewe sasa. Tandika mkeka baada ya mama kukukanda. Lala chali, kunja magoti, yapeleke yote kulia mpaka unaposikia kubana, halafu kushoto, mara 10. Bado chali, inua makalio juu, shikilia hesabu ya tano, shusha, mara 10. Hayo kila siku. La tatu ndo muhimu kuliko yote, siku moja fanya moja acha. Chukua mtungi wa lita 20, utie maji lita 5 tu, usimame mbele yake miguu imeachana kiasi cha mabega, kisha peleka makalio nyuma kama mtu anayefunga mlango kwa makalio huku ameshika sinia la pilau, mgongo umenyooka, magoti yamelegea kidogo, shika mpini, simama kwa kubana makalio. Mara 8, pumzika, mara 8, pumzika, mara 8. Kila wiki ongeza lita 2. Ukifika lita 20 unainua kilo 20 hapo ulipoambiwa usibebe kitu, na nanga itakuwa si mgeni tena.

Utaumwa kidogo, ni sawa. Ukipima kwa kumi, ikiwa ni tatu au nne na kesho asubuhi imetulia endelea, ikikuharibia usingizi au inashuka kupita goti rudi nyuma lita mbili. Usitegemee wiki moja, jipe miezi mitatu.

Chomboni badilisheni utaratibu, zungumza na nahodha. Nanga ivutwe na yule aliyebaki juu mkavu, na chombo kisogezwe mbele kwanza kamba ilegee, ndo ivutwe. Wewe ukipanda vua fulana palepale usione haya, jifute, vaa kikoi kikavu na jaketi, chai ya tangawizi kwenye thamosi, kaa kwa chini upepo usikupige, kunja na kunjua mikono na miguu mpaka tetemeko liishe na vidole viweze kufunga fundo. Fundo ndo kipimo chako. Na hayo masaa manne yakate mara mbili, toka katikati upate joto. Ukipata nguo ya mpira ya mtumba hata ya milimita 3 inunue, hizo 4,500 za mshipi zingekusogeza hapo, lakini yaliyopita si ndwele.

Nimefurahi uliniambia huzamii na mtungi, kwa sababu mwenye mtungi akiumwa maungio au mgongo baada ya kupanda hiyo ni hadithi nyingine ya haraka kabisa, na kama wenzako watumia waambie wasilale na maumivu ya namna hiyo wakingoja kupambazuke.

Wewe mwenyewe panda boti uende hospitali bila kungoja ikitokea mkojo unakataa kutoka au watoka bila habari, au ganzi kwenye zile sehemu zinazogusa mgongo wa punda ukimpanda, au mguu unakuwa mzito unaburuta. Na ukianza homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, nenda upimwe, kifua kikuu kinaingia hata kwenye uti wa mgongo. Kwa dalili ulizoniandikia sioni hata moja ya hizo, maumivu yanayolegea ukitembea na hayapiti goti ni ya aina inayopona.

Ukija Amu muulizie fizio hospitali ya kaunti, akuone ukiinama na ukiinua, mara mbili tatu zatosha, si lazima ulale huko. Na yeyote wa mtaani anayejiita fizio muulize leseni yake, wafiziotherapia Kenya wana baraza lao kwa sheria ya 2014, mwenye nayo haoni tabu kukuonyesha.

Goti la mama: hukuniambia umri wala kama linavimba, kwa hivo nitasema machache. Kama linauma akipanda ngazi na akinyanyuka baada ya kukaa, na asubuhi likakakamaa chini ya nusu saa, yaelekea ni gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye maungio, kuchakaa. Chumvi yake ya moto na yeye imfae, si mwanawe tu. Halafu akae kwenye kiti kigumu, anyanyuke bila kushika, akae polepole, mara 10 asubuhi na 10 jioni, akishindwa aanze kwenye kiti kirefu zaidi. Likiwa limevimba, jekundu na la moto asilikande, aende akaonwe. Na aniandikie mwenyewe, nataka pia kumuuliza hiyo chumvi anaipasha kwenye chungu au kikaango, ya kwangu kila mara inaruka.

Bi Fizio, Malindi